Taa ya Kuwamulikia Samaki

Jumapili ile mzee Rwegoshora alirudi kutoka kanisani akiwa na kiu, na akiwa anatafuta mtu wa kumkemea. Mtu alimpata kabla kiu haijatulizwa. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, obwato wake, ule mtumbwi wa gogo wa kukamulia ndizi za pombe aliourithi kwa baba yake, ulikuwa umejazwa maji hadi ukingoni. Kando yake mkwewe Theoneste alikuwa amepiga magoti, uso ukikaribia kugusa maji, kama mbuzi anayekunywa.

"Umepoteza nini humo?"

"Shikamoo, tata," Theoneste alisema, akimwita baba kwa lugha ya nyumbani. "Sijapoteza kitu. Natazama kama linatoa mapovu."

Chini ya maji kulikuwa na kopo jeusi la chuma, nene kama mkono wa mtu mzima, mfuniko wake umekazwa kwa skrubu nne.

"Mapovu," mzee alirudia, kama mtu aliyepewa chakula asichokijua.

"Ndiyo, tata. Kopo hili ni nyumba ya betri. Likitoa povu hata moja, ujue hewa imepata mlango, na mlango wa hewa ndio huo huo wa maji. Maji yakiingia betri zinakufa. Pengine zinapasuka."

"Na betri zenyewe ni za nini?"

Alijua ni za nini. Kitongoji kizima cha Omukibira kilijua, na watu wa Nyabiyonza sokoni walikuwa wanajua. Lakini alipenda kulisikia likisemwa, kwa sababu kila liliposemwa lilizidi kuwa la kijinga.

"Za taa ya kamera ya yule mama Mzungu anayepiga picha za samaki ziwani Rwakajunju. Anazama nayo. Kule chini ni giza, tata, bila taa haoni wale furu, samaki wadogo wa huko."

Rwegoshora alicheka puani. "Kwa hiyo mwanamume mwenye mke na watoto, aliyepewa mikono miwili na Mungu, anakaa siku nzima kutengeneza taa ya kuwamulikia samaki. Samaki wamelalamika kwamba hawaonani?"

Theoneste alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyezoea. Hilo nalo lilimkera mzee. Mtu ukimtukana, afadhali akasirike, ili ujue tusi limefika.

"Mwaga maji hayo. Kesho tunakamua."

"Ndiyo, tata. Naomba nilitazame kidogo tu, halafu..."

"Mwaga."

Theoneste alilitoa kopo, akalifuta kwa shati lake mwenyewe, akaanza kumwaga maji kwa kata. Rwegoshora alisimama pale pale akitazama hadi tone la mwisho. Huyu ndiye mtoto wa Mbonimpa. Mbonimpa alivuka mto akitoka Rwanda bila kitu mgongoni isipokuwa mkewe Therese, akaja kuomba jembe mlangoni hapa hapa. Na sasa mtoto wa mpiga jembe alikuwa amelala na binti wa nyumba, amejengewa kibanda ndani ya kibanja cha baba mkwe kama mwanamke aliyeolewa, na anaoshea vyuma vyake katika chombo cha wazee.

*

Jumatano Mzungu alikuja. Gari lake lilisikika tangu kwenye kona ya mnada, na hadi lilipofika uani Rwegoshora alikuwa ameshavaa koti lake la kijivu na kutoa kiti chenye mgongo, kile cha mchungaji. Alisimama kando ya kiti, mkono mmoja juu yake, kama watu wanavyosimama wakipigwa picha.

Mzungu alikuwa mwanamke mwembamba, ngozi imeungua jua hadi puani, nyuma ya gari lake kumejaa mitungi ya hewa. Alisema "Shikamoo mzee" kwa haraka, bila hata kungoja marahaba, akapita. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ghala la kahawa, ambako Theoneste aliruhusiwa kufanyia kazi yake wakati kahawa haipo.

Rwegoshora alibaki na kiti chake. Baada ya muda alikohoa, akatembea polepole kama mtu anayekagua migomba yake, na kumbe mguu wenyewe ulikuwa unaelekea ghalani. Alichungulia.

Wote watatu walikuwa chini kwenye mkeka mmoja: Mzungu, Theoneste, na binti yake Adelgunda. Binti yake! Ameshika chuma cha kuchomelea risasi, ncha yake imetoka kwenye jiko la mkaa, anadondosha risasi juu ya betri ndogo kwa utulivu wa mwanamke anayetia chumvi mchuzini. Betri zenyewe zilikuwa fupi na nene, zimepangwa kama maharagwe kwenye kikapu. Theoneste alikuwa amezifumua kutoka kwenye redio za mkononi za mashirika ya kambi ya wakimbizi, zile zilizotupwa kama takataka. Alikuwa amezijaza chaji moja moja kutoka kwenye betri ya gari, akazimaliza kwa kuwasha balbu, na ile iliyoizimisha balbu mapema aliitupa.

"Zote lazima ziwe na nguvu moja," alikuwa akisema. "Ukichanganya ile dhaifu na zenye nguvu, zenye nguvu zitaila. Itakufa ya kwanza, halafu itaoza na kuzimwagia wenzake dawa."

"Nairobi waliniambia haiwezekani," Mzungu alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Kiwanda hakitengenezi tena betri za taa hii. Waliniambia nunua taa mpya. Lakini taa mpya itafika baada ya mvua, na mvua ikija ziwa linakuwa kama chai ya maziwa."

"Zitakuwa tayari Alhamisi ya wiki ijayo. Mbili. Ukitumia moja, nyingine unaichaji."

Wakacheka kwa jambo ambalo Rwegoshora hakulisikia. Adelgunda naye alicheka. Mzee alirudi haraka kwenye kiti chake, akakaa.

Mzungu alipokuwa anaondoka alionekana kukumbuka adabu. Alisimama mbele yake, akampa mkono, akauliza kwa upole kabisa, "Na wewe mzee, unamsaidia Bwana Theoneste kazi?"

Kokushubira, mke wa Rwegoshora, alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Kisu kilisimama. Akainamisha kichwa ili mumewe asione mdomo wake, lakini mabega yalimsaliti.

"Mimi," Rwegoshora alisema, "ndiye mwenye nyumba."

"Oh! Nzuri sana," Mzungu alijibu, akapanda gari.

Kwa siku kadhaa zilizofuata mzee hakula vizuri. Mtoto wa Mbonimpa, Bwana. Na mwenye kibanja, msaidizi wake.

*

Ilikuwa Desemba ya mwaka tisini na sita. Senene walikuwa wamekwisha kupungua, na barabarani watu wa kambini walikuwa wameanza kupita na magodoro kichwani, kwa maelfu, wakirudishwa kwao. Watu wa Omukibira walisimama pembeni wakitazama. Wengine walitoa maji. Wengine walinunua sufuria kwa bei ya kutupa, kisha wakaenda kanisani kushukuru.

Rwegoshora alilitazama jambo lile kama mvua inayonyeshea kijiji cha pili. Hadi mwenyekiti wa kijiji, Kahigi, alipokuja jioni moja, akakaribishwa rubisi, akanywa, akafuta mdomo, akasema:

"Mzee, kuna kikao cha uhakiki wa uraia Jumanne, pale uwanja wa shule. Si wa kambini tu. Hata wale wa zamani wasio na karatasi wataitwa mmoja mmoja. Maafisa wanataka raia anayeaminika asimame aseme: huyu namjua, amezaliwa hapa. Basi. Anaandikwa, anarudi kwake."

"Na asiposimamiwa?"

"Lori." Kahigi alimimina tena. "Lakini mkweo hana shida. Wewe si upo?"

Theoneste alikuwa amesimama karibu na mlango na kibuyu, akiwahudumia kama ilivyompasa mkwe. Alisikia yote. Kahigi alipoondoka, alipiga goti moja mbele ya baba mkwe wake. Adelgunda alipiga magoti yote mawili nyuma yake.

"Tata, nakuomba. Baba na mama hawapo tena, na karatasi zao zilipotea paa lilipoanguka. Wewe ndiye unayejua nilipozaliwa."

Rwegoshora alikunywa rubisi yake polepole. Haikuwa kwamba alikuwa anafikiri. Alikuwa anaonja. Tangu siku ile ya kiti hajawahi kuona kitu kitamu kama mtu huyu chini miguuni pake, bila lile tabasamu lake.

"Mbona unanisumbua mimi?" alisema mwishowe. "Mwambie Mzungu wako akudhamini. Au waite wale samaki. Umewawekea taa, watakuona vizuri."

"Tata!" Adelgunda alisema.

"Nimesema tutaona. Inukeni, mnanichafulia sakafu."

Usiku Kokushubira alimuuliza kitandani, "Utasimama, si ndiyo?"

"Mama Adelgunda, unafikiri mimi ni mnyama? Nitasimama. Lakini mwache alale na hofu kidogo. Hofu ni shule."

*

Jumanne uwanja wa shule ulijaa. Meza iliwekwa chini ya bendera, na nyuma yake maafisa watatu kutoka mbali ambao hawakumjua hata mmoja wa watu waliokuwa mbele yao. Pembeni kulikuwa na lori, mlango wake wa nyuma umefunguliwa. Kazi ilikwenda mbio. Jina linaitwa, mtu anasogea, raia anainuka: "Namjua, amezaliwa hapa, alibatizwa pamoja na mwanangu." Karani anaandika. Jina lingine.

"Theoneste Mbonimpa."

Theoneste alisogea. Alikuwa amevaa shati lake la harusi.

"Nani anamjua huyu?"

Rwegoshora aliinuka taratibu, akalivuta koti lake vizuri. Watu walinyamaza, kwa maana mzee wa kanisa akisimama watu hunyamaza. Aliupenda ukimya ule. Angeweza kusema neno moja na kukaa. Lakini neno moja lilionekana dogo mno kwa ukimya mkubwa namna ile.

"Mimi namjua. Baba yake alitoka ng'ambo ya mto. Mimi ndiye niliyempa jembe, maana hata jembe hakuwa nalo."

Watu wachache walicheka.

"Tunauliza huyu, mzee," afisa wa katikati alisema. "Amezaliwa hapa?"

Na hapo ndipo kichekesho kilipomjia, chenyewe, kikiwa kimekamilika, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Bwana mkubwa, mimi nitajuaje? Mimi sikuwa mkunga."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Kahigi alicheka hadi akashika mti. Wanawake walijifunika midomo kwa khanga. Rwegoshora alisimama katikati ya kicheko kile kama mtu aliyesimama juani baada ya wiki ya baridi, akageuka kidogo kulia, kidogo kushoto, ili wa nyuma nao wamwone. Sasa angewaacha wanyamaze, kisha angesema: "Lakini utani pembeni, mkwe wangu amezaliwa kwangu." Maneno aliyapanga kabisa.

"Hana uthibitisho," afisa alimwambia karani. "Lori. Jina lingine."

"Hapana, ngoja," Rwegoshora alisema. "Nilikuwa bado..."

"Keti, mzee. Umeshasema."

"Nilikuwa natania tu..."

"Unatutania sisi? Tuna watu mia hapa. Keti!"

Akaketi. Miguu ndiyo iliyoketi. Yeye mwenyewe alikuwa bado amesimama.

Upande wa wanawake Kokushubira aliinuka, sauti yake ikapasuka uwanjani. "Mimi! Mimi ndiye niliyempokea! Therese alijifungua ghalani kwetu juu ya magunia ya kahawa, nikakata kitovu kwa mkono wangu huu!"

"Mama, wewe ni nani kwake?"

"Mama mkwe wake."

"Na huyu mzee?"

"Mume wangu."

"Mumeo ameshaongea," afisa alisema bila kuinua macho. "Jina lingine."

Theoneste hakupiga kelele. Mgambo alimshika mkono, akaenda naye. Adelgunda alikimbia nyuma ya lori, na Theoneste alishika ubao wa lori, akainama, akamwambia kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anakwenda sokoni na kurudi, "Lile kopo la pili bado halijafungwa. Tia karatasi ngumu kati ya betri na chuma, vinginevyo zitagusana zitawaka. Na mpira wa mfuniko upake mafuta." Kisha lori likaondoka.

Watu waliocheka pamoja na Rwegoshora sasa walikuwa wanamtazama. Hapakuwa na hata mmoja aliyekumbuka kwamba alicheka.

*

Nyumbani siku ile hakuna aliyemkemea. Chakula kiliwekwa mbele yake kama kawaida, kimefunikwa kwa jani, na Kokushubira akatoka nje. Alimwita; akajibu "Abee" kutoka mbali, lakini hakuja. Rwegoshora alikula peke yake. Alijaribu kukasirika na hakuweza kupata wa kumkasirikia. Afisa hakuwa na subira. Theoneste naye, kwa nini hakujitetea? Mwanamume anachukuliwa anazungumzia karatasi ngumu! Kila alipolizungusha jambo lile, lilirudi na uso wake mwenyewe.

Kutoka ghalani ulikuja moshi wa mkaa na harufu kali ya risasi. Adelgunda alikuwa anafanya kazi. Alifanya kazi Jumanne, akafanya Jumatano, mtoto mdogo akiwa amelala mgongoni, akikata karatasi ngumu kutoka kwenye boksi la sabuni, akizifunga betri kwa tyubu ya baiskeli aliyoichana utepe utepe. Jumatano mchana alikuja nyuma ya nyumba na makopo yote mawili, akajaza obwato maji mbele ya baba yake, bila kuomba. Wote wawili walitazama maji, mmoja huku na mmoja kule. Hakikutoka hata povu moja. Rwegoshora alitaka kusema kitu, hata "vizuri". Adelgunda aliyachukua makopo, akaondoka nayo.

Alhamisi gari lilikuja. Rwegoshora alivaa koti. Alijiambia kwamba mgeni ni mgeni, na kwamba mtu akimpokea vizuri, akamkabidhi vitu vyake kwa heshima, huenda mambo yakaanza kunyooka.

"Bwana Theoneste?" Mzungu aliuliza.

"Amesafiri," Rwegoshora alisema. "Lakini vitu vyako viko tayari. Adelgunda! Mletee mgeni."

Adelgunda alitoka mikono mitupu. "Hakusafiri. Amechukuliwa na lori. Yuko kwenye uwanja wa kambi ile iliyofungwa, upande wa Kyerwa. Keshokutwa wanavushwa mpakani."

Mzungu alishika mdomo. Alisema pole, akasema pole tena, akasema ni jambo baya sana, na kwamba ataandika barua kwa watu anaowafahamu. Kisha macho yake yalikwenda ghalani.

"Na betri?"

"Zipo," Adelgunda alisema. "Zimejaa. Zote mbili. Nimezificha migombani, na migomba yetu ni mingi. Utatupeleka kule kwanza. Mimi, mama, na mzee huyu."

"Adelgunda!" Rwegoshora alishtuka. "Huyo ni mgeni!"

"Nyamaza, tata." Hakuinua sauti. Hajawahi kumwambia hivyo tangu azaliwe, na jambo la kutisha ni kwamba Rwegoshora alinyamaza.

Mzungu alitazama mbingu. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameanza kupandana. "Lakini lazima nizame leo jioni au kesho asubuhi. Nikikosa, kazi ya mwaka mzima..."

"Basi endesha kwa kasi."

Kama alikwenda kwa ajili ya mtu au kwa ajili ya samaki, hakuna aliyejua, na huenda hata mwenyewe hakujua. Walimpitia Kahigi, ambaye alisema ana homa, kisha alipoambiwa kwamba atakaa mbele na Mzungu, homa ikapoa. Rwegoshora alipanda nyuma, akakaa juu ya gurudumu la akiba katikati ya mitungi ya hewa, na kila gari lilipoingia shimoni mitungi ilimgonga mbavuni.

*

Uwanjani watu walikuwa wamekaa chini kwa mistari, mistari haina mwisho, na vumbi limewafanya wote rangi moja. Afisa yule yule alikuwepo, chini ya turubai, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimkumbuka Rwegoshora mara moja.

"Mchekeshaji," alisema. "Umetuletea kingine?"

Rwegoshora alivua kofia. "Nimekuja kusahihisha."

"Sahihisha."

"Yule mkwe wangu amezaliwa hapa. Kwangu. Kwenye ghala langu la kahawa."

"Na mkunga?"

"Ni mke wangu. Huyu hapa."

"Jumanne ulikuwa hujui?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Rwegoshora alitafuta jibu. Alikuwa mzee wa kanisa, amepatanisha ndugu waliogombania mipaka, amehutubia matangani, hajawahi kukosa neno. Nyuma yake Kahigi alikuwa anatazama viatu vyake. Watu wa mstari wa kwanza, wale waliokaa vumbini na vifurushi vyao, walikuwa wanasikiliza.

"Watu walikuwa wanacheka," alisema.

Afisa aliweka kalamu chini. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga. "Sema kwa sauti. Karani hajasikia."

"Watu walikuwa wanacheka!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Kokushubira alitia dole gumba, Kahigi akasaini, na Theoneste akaletwa. Alikuwa amekonda kwa siku mbili kama mtu aliyeugua mwezi. Shati la harusi halikuwa na kifungo hata kimoja. Adelgunda hakumkimbilia, alisimama tu, akamshika kiwiko, akakibana.

"Unamjua huyu mzee?" afisa aliuliza, akimwonyesha Rwegoshora kwa kidole.

Theoneste alimtazama. Rwegoshora aliona sasa ndipo litakapokuja. Lolote ambalo angeambiwa, mbele ya watu wote hawa, lilikuwa haki yake, na kwa namna ya ajabu alilingoja kama mgonjwa anavyongoja sindano.

"Namjua," Theoneste alisema. "Ni babu wa watoto wangu."

Akageuka, akaenda na Adelgunda hadi kwenye gari.

*

Mzungu hakukubali kukawia nyumbani. Walisimama migombani dakika chache tu, Adelgunda akachimbua makopo, kisha gari likaenda moja kwa moja ziwani, na wote walikuwa ndani, kwa kuwa hakuna aliyewashusha. Jua lilikuwa limeshafika vilimani. Mzungu alivaa vazi lake jeusi la mpira, Theoneste akaifunga betri kwenye taa, akabonyeza mara moja kujaribu, na mwanga mweupe ukawapiga usoni hadi mtoto mgongoni mwa Adelgunda akalia.

Akazama. Maji yakamfunika, yakatulia.

Walisimama ukingoni kwenye matete. Kisha, mbali kidogo, ndani kabisa ya yale maji ya rangi ya udongo, mwanga ulimulika. Kukawa giza. Ukamulika tena, mahali pengine, kijani kibichi, kama radi iliyozikwa.

"Inafanya kazi," Adelgunda alisema, na sasa ndipo machozi yalipomtoka.

Rwegoshora aliona kwamba hiyo ni nafasi. "Kwa hiyo huko chini," alisema kwa uchangamfu, "samaki wanajiuliza nani kawasha taa bila kubisha hodi."

Kokushubira alihama, akaenda kusimama upande wa pili wa gari.

*

Kabla ya Krismasi Theoneste na Adelgunda walihama. Hawakugombana na mtu. Walifunga vitu vyao, wakaaga ipasavyo, Theoneste akasema asante kwa kukaa kwetu hapa, wakaenda Igurwa, wakapanga chumba chenye baraza kando ya barabara. Kokushubira alikwenda kuwasaidia kwa wiki moja, na wiki ile ikawa inajirudia, ikifika mwisho inaanza upya. Mzee alijifunza kuchemsha ndizi zake.

Mwezi wa pili alijilazimisha, akavaa koti, akaenda. Alitembea njia nzima akipanga maneno ya kuomba radhi. Alikuwa amepanga pia la kujibu atakapotukanwa, na la kujibu atakapofukuzwa.

Barazani Theoneste alikuwa amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Alipomwona aliweka chini kazi, akainuka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Zamani alikuwa anasema tata.

"Marahaba."

"Karibu kiti. Adelgunda, mzee amekuja, lete chai." Kiti kilikuwa kizuri. Chai ilikuja na mihogo, ikatolewa kwa mikono miwili. Adelgunda alimsalimia kwa magoti, akamuuliza habari za kahawa, akaingia ndani. Sauti ya Kokushubira ilisikika uani ikimwimbia mtoto, lakini mwenyewe hakutoka.

Rwegoshora alikunywa. "Mwanangu," alianza, "yale ya uwanja wa shule..."

"Yamepita, mzee." Theoneste alikuwa ameshaketi tena, ameinamia redio, risasi ikitoa kamba ya moshi. "Chai inatosha sukari?"

"Inatosha."

"Vizuri."

Alingoja. Mwanamke mmoja alikuja na redio imefungwa kwenye khanga, akaambiwa arudi kesho. Mtu wa baiskeli aliulizia tochi. Theoneste aliwajibu wote kwa upole ule ule aliompa yeye, wala haukupungua wala haukuzidi, na kila aliponyamaza Rwegoshora alifungua mdomo, akaufunga. Laiti angemtupia chai usoni. Laiti angesema: toka hapa, mzee mpumbavu, uliniuza kwa kicheko. Hapo angeweza kulia, akapiga magoti, mambo yakaanza. Lakini kikombe kilikuwa kimekwisha, na hakukuwa na kitu cha kumzuia asiondoke.

Aliinuka. Theoneste naye aliinuka mara moja, kama adabu inavyotaka, akamsindikiza hadi ukingo wa baraza.

"Asante kwa kututembelea," alisema. "Karibu tena, mzee." Kisha akamgeukia mtu wa baiskeli, ambaye alikuwa bado anasubiri, akampokea tochi yake.